Shabu, yaba, pervitin: nchi tatu zilivyokabili dawa moja, methamfetamini, na sisi tufuate njia ipi

Mama mmoja wa Temeke alinionyesha feni. Ilikuwa imelala kwenye mkeka vipande vipande, panga huku, mota kule, skrubu zimepangwa kwa mafungu kama dagaa wa genge. Mwanawe alikuwa ameifungua usiku kucha. Kabla ya feni aliifungua redio, na kabla ya redio bawaba za mlango. Usiku wa tatu bila kulala akaanza kusema kuna watu darini wanamsikiliza.

"Mwanangu, heri ingekuwa unga," mama aliniambia. "Wa unga ningemwamsha alfajiri nikampeleka akanywe dawa yake. Huyu nimpeleke wapi?"

Barazani walikuwepo majirani wawili. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alisema hawa ni wa kumalizwa kama walivyofanya Ufilipino, mtaa ulale. Fundi cherehani aliyekaa pembeni yake akamjibu: "Mzee wangu, mgonjwa anauawa?" Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Wote wawili wamemwona kijana yule akikua, na kila mmoja alisema kwa uchungu wa kweli.

Mjadala huu umetufikia kwa njia ya bahari. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Oktoba 2025 Jeshi la Wanamaji la Kenya lilifikisha Mombasa jahazi lililobeba zaidi ya tani moja ya methamfetamini. Majahazi ni yale yale yanayotoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ila shehena imebadilika: kando ya heroini sasa imo dawa inayopikwa Afghanistan kutokana na mmea wa efedra.

Na hii si dawa ya aina tuliyoizoea. Heroini inalaza, hii inakeshesha. Heroini ina methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Methamfetamini haina dawa mbadala ya namna hiyo popote duniani. Ndugu yake wa mbali tunamjua, ni kathinoni iliyomo kwenye mirungi mibichi, lakini kuzilinganisha ni kulinganisha jiko la mkaa na nyumba inayoungua.

Kwa hiyo nimechukua nchi tatu zilizokaa na dawa hii miaka mingi, kila moja ikashika njia yake. Nimeandika kwa ajili ya yeyote anayesita kati ya mzee dereva na fundi cherehani.

Tupime kwa nini

Vigezo vyangu ni vinne. Cha kwanza ni uhai: wangapi wamekufa, na kwa mkono wa nani. Cha pili ni mzigo: je, dawa imeadimika mtaani au imezidi kushuka bei? Cha tatu ni mlango: anayetaka kuacha anaingilia wapi, na akifika anaogopa nini? Cha nne ni uwezo: njia hiyo inataka polisi, mahakama, wauguzi na fedha za namna gani ili isiharibike?

Mimi mwenyewe cha tatu ndicho kinachoninyima usingizi, na nitakaa hapo zaidi. Wewe unaweza kukipa uzito kingine, na jibu lako likawa tofauti na langu.

Njia zenyewe kwa ufupi

*Ufilipino: mkono wa chuma.* Huko inaitwa shabu. Sheria ya mwaka 2002 tayari ilikuwa kali: ukikutwa na gramu 50, kifungo cha maisha. Rais Rodrigo Duterte alipoapishwa 30 Juni 2016 aliongeza kampeni ya polisi iliyopita nyumba kwa nyumba. Waliiita Tokhang, jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kivisaya, kubisha hodi na kusihi. Mtumiaji alitakiwa ajisalimishe na jina lake liandikwe kwenye orodha.

*Thailand: muuzaji jela, mtumiaji tiba.* Dawa yao ni vidonge vidogo vyekundu vya methamfetamini iliyochanganywa na kafeini. Zamani viliitwa ya ma, dawa ya farasi. Mwaka 1996 serikali ikabadilisha jina vikawa ya ba, dawa ya wazimu, watu waogope. Nchi hii ilianza na mkono wa chuma, ikaujutia, na tangu Desemba 2021 ina sheria mpya: mtumiaji anayekubali kutibiwa hachukuliwi kama mhalifu, lakini mlanguzi anabanwa vile vile.

*Ucheki: kupunguza madhara.* Wacheki wanaita pervitin, jina la kidonge kilichotengenezwa Ujerumani mwaka 1938. Tangu miaka ya 1970, enzi za ukomunisti, watu waliipika wenyewe jikoni kutokana na dawa za mafua, wakagawana na marafiki. Leo kupika na kuuza ni jinai. Kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, ambacho Mahakama ya Juu yao mwaka 2014 ilikiweka kuwa gramu moja na nusu, ni kosa la faini isiyozidi koruna 15,000.

Uhai

Ufilipino, serikali yenyewe ilikiri kuwa zaidi ya watu 6,000 waliuawa katika operesheni za polisi hadi mwaka 2022. Mashirika ya haki za binadamu yanafikisha 30,000, wakiwemo waliopigwa risasi na watu wa pikipiki waliofunika nyuso. Agosti 2017 kule Caloocan kamera ya mtaani ilinasa polisi wakimburuta mvulana wa miaka 17, na baadaye akakutwa amekufa kwa risasi. Polisi walidai alikuwa na silaha. Polisi watatu walihukumiwa kwa mauaji yake mwaka uliofuata. Machi 2025 Duterte mwenyewe alikamatwa Manila na kupelekwa The Hague, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Lakini haki inataka tuwasikilize waliomuunga mkono, maana hawakuwa wachache. Kura ya maoni ya Desemba 2016 ya Social Weather Stations, taasisi ya utafiti ya huko, ilikuta watu 85 kati ya 100 wameridhika na kampeni. Wako waliosema sasa wanaweza kurudi kutoka kazini usiku bila kuporwa. Kura hiyo hiyo ilikuta 78 kati ya 100 wanahofu kwamba wao wenyewe au mtu wanayemjua atauawa. Majibu yote mawili yalitoka kwenye vinywa vile vile. Nikikumbuka uso wa yule mzee dereva, namwelewa Mfilipino huyo.

Thailand ilipita humo humo mapema zaidi. Mwaka 2003, chini ya Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra, zaidi ya watu 2,500 waliuawa ndani ya miezi mitatu, na kamati ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2007 iliona kwamba takriban nusu ya waliouawa hawakuonekana kuwa na uhusiano wowote na dawa. Njia yao ya sasa haiui kwa risasi, ila haijawaepusha na msiba. Oktoba 2022 polisi aliyefukuzwa kazi kwa kukutwa na yaba aliingia kituo cha kulelea watoto Nong Bua Lamphu akaua watu 36, wengi wao watoto waliokuwa wamelala mchana. Vipimo havikukuta dawa mwilini mwake siku ile. Hata hivyo nchi nzima ilitaka mtu alipe, na sheria ya huruma ikawa mashakani.

Ucheki hawana takwimu za damu namna hiyo. Vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na dawa za kulevya huhesabiwa kwa makumi kwa mwaka, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 10. Wengi wa watumiaji wao wanajidunga, lakini maambukizi ya VVU miongoni mwao yamebaki chini ya asilimia 1. Sisi wa Pwani tuliozika vijana waliochangia sindano tunajua uzito wa namba hiyo.

Mzigo

Hapa nitapita haraka, kwa sababu hakuna aliyeshinda.

Ufilipino, Makamu wa Rais Leni Robredo alipokabidhiwa uratibu wa vita hivyo kwa siku chache, alitoa ripoti Januari 2020: shabu iliyokuwa inakamatwa haikufika asilimia 1 ya iliyokuwa inatumiwa. Wakati wauza kete wanapigwa risasi vichochoroni, mwaka 2017 kilo 604 zilipita forodha ya Manila zikitokea China. Thailand iko jirani na jimbo la Shan la Myanmar, ambako viwanda vya dawa hii vinafanya kazi ndani ya maeneo ya wapiganaji. Kidonge ambacho zamani kilikuwa cha bei, leo mahali pengi hakifikii bei ya sahani ya wali. Ucheki nao, vipimo vya mabaki ya dawa kwenye majitaka ya miji ya Ulaya huiweka miji yao karibu na kilele kwa methamfetamini, mwaka baada ya mwaka. Walipobana uuzaji wa dawa za mafua mwaka 2009, wapishi wakavuka mpaka kwenda kununua Poland.

Yeyote anayekuahidi kwamba njia yake itamaliza dawa mtaani, mwombe akuonyeshe nchi ilikowezekana.

Mlango

Sasa rudi kwenye swali la mama: huyu nimpeleke wapi?

Ufilipino zaidi ya watu milioni moja walijisalimisha, na serikali haikuwa na pa kuwaweka. Manispaa nyingi ziliwakusanya viwanjani wakafanya mazoezi ya Zumba, wakasaini karatasi, wakarudi nyumbani. Novemba 2016 lilifunguliwa jengo kubwa la vitanda 10,000 ndani ya kambi ya jeshi ya Fort Magsaysay, kwa fedha za tajiri wa Kichina. Mwaka mmoja baadaye walikuwemo mamia tu. Mkuu wa bodi ya dawa za kulevya, Dionisio Santiago, alisema hadharani kuwa lilikuwa kosa, kwamba waraibu walihitaji vituo vidogo karibu na familia zao. Akapoteza kazi. Kilichokuwa kibaya zaidi ni ile orodha. Mtu aliyekwenda kwa hiari kuomba msaada aliacha jina lake, na wako waliouawa baada ya majina yao kuandikwa. Mlango wa namna hiyo anayeusikia habari zake haugongi.

Thailand mlango ni mpana zaidi, ila umesimamiwa na polisi. Ukikutwa na kidogo unaulizwa: utatibiwa au utashtakiwa? Wengi huchagua tiba kwa kukwepa jela, na kwa miaka mingi vituo vingi vya lazima vilikuwa ndani ya kambi za jeshi, paredi asubuhi, hotuba jioni. Wengine hupona humo, nisiwadhulumu, kwa sababu hata kulala na kula kwa mpangilio ni dawa kwa mtu aliyekesha mwezi mzima. Wengi hurudia wakitoka. Kando ya serikali kuna hekalu la Wat Tham Krabok, mkoa wa Saraburi, linalopokea waraibu tangu mwaka 1959. Mgonjwa hunyweshwa dawa ya mitishamba akatapika hadharani siku tano mfululizo, huku wenzake wakimpigia ngoma na kumwimbia. Kabla ya yote hula kiapo. Hilo la kiapo naona lingeeleweka kwetu, msikitini na kanisani, kuliko fomu yoyote.

Ucheki mlango ni wa mtaani na hauulizi jina. Kijana anaingia kituoni, anapewa sindano safi, chai, mahali pa kufua nguo. Vituo vingi vinatoa pia vidonge vitupu vya jelatini, ili anayetumia aweke dawa yake humo ameze badala ya kujidunga. Niliposikia habari ya vidonge hivyo mara ya kwanza nilikasirika. Niliona kama wanampa mlevi glasi. Baadaye nikamsikiliza muuguzi wa kwetu akinieleza jinsi anavyofunga majipu ya mikononi, na nikaelewa kwamba aliyemeza leo ana mkono usiooza kesho, na kesho anaweza kuwa tayari kuzungumza. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kuzungumza huko kunaweza kuchukua miaka. Mzazi aliye na feni sakafuni miaka hiyo hana.

Kuna jambo ambalo katika nchi zote tatu halijapewa nafasi yake, nalo ndilo lenye ushahidi mzuri zaidi kwa dawa hii: tiba ya motisha. Mtu anapimwa mkojo mara mbili kwa wiki, akiwa safi anapewa vocha ndogo ya chakula au fedha, na thamani inapanda kadiri anavyodumu. California ilianza kuilipia kupitia bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini mwaka 2023. Inasikika kama kumhonga mtu asijiue. Lakini ubongo uliozoea kupata raha papo hapo hausikii ahadi ya mwakani. Unasikia kilo mbili za unga wa sembe leo.

Uwezo

Mkono wa chuma huonekana wa bei nafuu. Hauhitaji wauguzi. Unahitaji tu polisi, na hapo ndipo unapovunjika, kwa sababu askari aliyeruhusiwa kuua bila kuulizwa hawezi kuzuiwa kuuza alichokamata. Oktoba 2019 mkuu wa polisi wa Ufilipino alijiuzulu kwa kashfa ya askari waliotuhumiwa kurudisha sokoni shabu waliyoikamata. Kitu kingine ni magereza: gereza la Quezon City, lililojengwa kwa watu 800, lilikuwa na karibu 3,800 mwaka 2016, wakilala kwa zamu kwenye ngazi.

Njia ya Thailand inataka sheria isiyoyumba, na yao imeyumba. Februari 2024 kanuni ilisema mwenye vidonge visivyozidi vitano ahesabiwe mtumiaji. Wananchi wakalalamika kuwa wauzaji sasa wanatembea na vitano vitano. Kabla mwaka haujafika nusu, kiwango kikashushwa hadi kidonge kimoja. Polisi wa kijijini, mwenye kituo cha tiba na kijana mwenyewe, hakuna aliyejua kesho itakuwaje. Na kwa miaka mingi zaidi ya wafungwa saba kati ya kumi nchini humo wamekuwa wa kesi za dawa.

Njia ya Ucheki inataka mtandao wa vituo uwepo *kabla* sheria haijalegezwa. Ushahidi uko Oregon, Marekani, jimbo ambalo methamfetamini ni tatizo la siku nyingi. Februari 2021 waliondoa jinai kwa kumiliki kidogo: faini ya dola 100, na ukipiga simu ya ushauri inafutwa. Waliopiga simu walikuwa wachache sana. Fedha za matibabu zilichelewa, fentanili, dawa ya kulevya kali kuliko heroini, ikaingia wakati huo huo, watu wakaona wenzao wanajidunga kwenye vituo vya mabasi, na kuanzia Septemba 2024 jinai ikarudi. Wacheki walikuwa wamejenga vituo vyao tangu miaka ya 1990. Oregon ilifungua geti kabla ya kujenga nyumba.

Kila njia inamfaa nani

Kama unaishi mtaa unaoporwa kila jioni na hofu yako ya kwanza ni usalama, mkono wa sheria unakufaa, lakini uelekeze juu: jahazi, ghala, mwenye fedha. Sheria kali dhidi ya wasafirishaji Tanzania tunayo tayari. Ukiona nguvu yote inaishia kwa mwenye kete mbili kijiweni, ujue mnaelekea Manila, na huko hata aliyeridhika alilala na hofu.

Kama wewe ni diwani au mbunge na eneo lako lina kituo cha polisi kinachoaminika, hospitali yenye kitengo cha afya ya akili na nyumba za upataji nafuu zinazokaguliwa, muundo wa Thailand unaweza kukufaa: tiba badala ya mashtaka kwa mara ya kwanza na ya pili. Masharti yangu ni mawili. Kiwango kiandikwe kwa gramu na kisibadilishwe kila waziri akibadilika, na tiba isiwe kwa viboko na minyororo.

Kama uko mji wa bandari ambako watu tayari wanajidunga, Tanga, Mombasa, Malindi, Unguja mjini, anza na kituo kisichouliza jina, maana VVU na homa ya ini havisubiri mjadala uishe. Huhitaji kubadilisha sheria ya nchi kwa hilo. Unahitaji makubaliano na polisi wa hapo kwamba hawatawavizia watu mlangoni.

Kama unaendesha kliniki ya methadoni, waulize wateja wako kama wanachanganya na methamfetamini. Anayechanganya ataonekana hapati nafuu na utamfukuza bila kosa, wakati anahitaji ushauri mwingine kabisa, na pengine hiyo vocha ya sembe.

Na kama wewe ni mzazi, sera za nchi tatu hazitakusaidia usiku wa leo. Usibishane naye juu ya watu wa darini, na usimkubalie pia; mwambie wewe huwaoni, lakini unaona anaogopa. Punguza taa na kelele. Mpe maji. Ondoa visu jikoni kabla hajavifikiria, na akianza kutishia, toka na wadogo zake. Kwa wengi mawazo hayo hupungua ndani ya siku chache baada ya kulala na kutoitumia tena. Yasipopungua, au akisema atajidhuru, mpeleke hospitali kitengo cha afya ya akili, na ukifika taja jina la dawa bila kuona haya, ili daktari asimtibu kwa ugonjwa mwingine. Yule mama wa Temeke alimpeleka siku ya tano, kwa bajaji, fundi cherehani amemshika kijana mkono wa kulia na mzee dereva amemshika wa kushoto.